Damu Iliyoandikwa kwa Balozi

Binti yangu wa pili alikuwa na damu ya kundi O hasi. Mtu anaweza kuishi na damu hiyo mpaka uzeeni asijue kwamba inamtofautisha na jirani yake. Lakini siku akipungukiwa, hawezi kuongezewa ila ya mwenzake wa kundi hilo hilo, na kwetu wenye kundi hilo ni wachache sana. Nilijua hayo kwa sababu nilikuwa karani wa maabara katika hospitali ndogo ya wafadhili, upande wa Mikumi, kwenye njia ya kwenda Kilosa. Hospitali hiyo haipo tena. Sehemu ya majengo yake ni ghala la mbao, na sehemu nyingine wanakaa popo.

Alipojifungua mara ya kwanza alikuwa Morogoro kwa mumewe, aliyefanya kazi kiwandani. Alitokwa na damu nyingi, na alipona kwa sababu fundi mmoja wa kiwanda kile kile alikuwa na kundi lake. Tulimshukuru Mungu, na mtoto akakua. Mimba ya pili ilipoingia mambo yalikuwa yamegeuka. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, ya biashara huria, mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine. Kiwanda kikauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, yule fundi akarudi kwao na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Mkwe wangu alikwenda kusini kutafuta madini, na barua zake zikawa zinachelewa, kisha zikakoma. Binti yangu akarudi nyumbani kwangu na mwanawe mgongoni.

Daktari mkuu alimpima, kisha akaniita chumbani kwake.

"Mzee, keti. Mara ya kwanza alitokwa na damu. Mara hii siwezi kukuahidi kwamba hatatokwa. Nataka kabla ya siku yake nijue mtu wa O hasi anakaa wapi na atafikaje hapa."

"Tumpeleke Morogoro?"

"Morogoro watakuuliza ndugu zake wako wapi. Damu ya akiba hawana, kama sisi tusivyokuwa nayo."

Ndugu tulipimwa sote, mpaka wale wa Zombo ambao tulikuwa tunaonana misibani tu. Hakuna aliyelingana naye. Ikabaki orodha ya watoaji damu wa hospitali, na orodha hiyo ilikuwa ndani ya mashine iliyokufa.

Sina budi kueleza ilivyokuwa. Barabara kuu inayopita Mikumi ilikuwa inatuletea majeruhi kila mara, na friji letu la mafuta ya taa halikuweza kutunza damu. Kwa hiyo tulitegemea damu iliyomo bado miilini mwa watu. Tulizunguka vijijini, tukawapima waliokubali, tukaandika kundi la kila mmoja na mahali anapopatikana. Ajali ikitokea, gari linakwenda kumchukua. Mfadhili mmoja kutoka Ulaya akatuletea kompyuta, wakati ambao kuingiza kompyuta nchini kulihitaji kibali, na ndani yake programu ya kuhifadhi taarifa. Unaandika kundi la damu unalolitaka, nayo inakutolea watu.

Tulipokuwa tunaipanga, yule kijana wa Kizungu aliyeileta aliuliza anwani za watu. Tulimwambia huku hakuna mitaa wala namba za nyumba. Akauliza, basi mtu mnampataje? Kikao kizima kilimjibu kwa sauti moja: kwa balozi. Kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake, mwenye bendera ya chama mlangoni. Mgeni akija anaripoti kwake, sukari ya mgao ilipita kwake, barua ya utambulisho inatoka kwake. Mtu asiye na balozi alikuwa kama hayupo. Kijana yule akafurahi. Akaipanga mashine hivi: kila mtoaji damu ana namba ya balozi, na nafasi ile haiwezi kuachwa wazi. Usipoijaza, mashine haimpokei mtu. Tuliona ni jambo la busara, nami mpaka leo sioni tungefanya nini kingine kwa wakati ule. Kadi za karatasi tukawagawia watoaji wenyewe wakae nazo, kwa kuwa sisi tulikuwa na mashine.

Kisha umeme wa mgao, wa kuja na kuondoka kwa kishindo, ukaiunguza. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imefungwa huko kwao. Kilichobaki ni kanda moja, ndogo kama kaseti ya redio, yenye taarifa zote pamoja na maandishi ya programu yenyewe, yale anayoyaandika mtu kabla ya mashine kuyageuza kuwa lugha yake. Wafadhili wakatuma mashine nyingine, na hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yao ya mwisho. Mashine zote mbili zilikuwa zinaendeshwa na mfumo wa jina moja, Unix. Nilidhani basi ni ndugu, na kwamba kanda itaingia huku itoke kule.

Alitumwa mtaalamu kutoka Dar es Salaam, mwanamke wa umri wa binti yangu, mwenye miwani na mkoba mzito kumzidi. Alinisalimu vizuri, shikamoo baba, nikaitikia, tukamwekea meza karibu na dirisha. Nilimwambia habari ya undugu wa mashine. Akacheka.

"Ni ndugu kweli, baba. Ila ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali. Huyu wa zamani ana tabia zake, huyu mpya ana zake. Programu imezoea tabia za marehemu."

"Na taarifa tu, huwezi kuzitoa bila programu?"

"Taarifa zimehifadhiwa kwa namna inayojulikana na programu peke yake. Ukizifungua hivi hivi unaona uchafu. Inabidi programu yenyewe ihame, ikubali kuishi huku, ndipo izisome."

"Itachukua muda gani?"

Alivua miwani akaifuta na upindo wa khanga aliyokuwa amejitanda. "Baba, ningekuwa mwongo ningekutajia siku."

Nilimpenda kwa jibu lile. Nilimweleza kwa nini nauliza. Akaivaa tena miwani, akaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Aliiamuru mashine mpya iyageuze maandishi ya programu, nayo inasoma kidogo kisha inakataa, na kueleza kwa nini imekataa. Anarekebisha, anaamuru tena. Inasonga mbele mistari michache na kukataa mahali pengine. Jambo ambalo mfumo wa zamani uliliita kwa jina moja, huu mpya ulikuwa hauna jina hilo kabisa, au ulikuwa nalo lakini kwa maana nyingine. Ilikuwapo kazi ya kufunga taarifa ili watu wawili wasiandike mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mfumo wa zamani ulikuwa na kufuli ya namna yake, na mpya haukuijua, kwa hiyo aliiandika upya yote. Umeme ukikatika, anasubiri. Jenereta liliwashwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji, na mafuta yalikuwa haba. Mara nyingi tulikaa wawili mbele ya kioo cheusi, yeye amekunja mikono, mimi na tasbihi yangu.

Niliomba. Sijawahi kuona aibu kuomba kwa ajili ya kitu cha chuma. Niliswali adhuhuri kwenye mkeka nyuma ya maabara, nikamwomba Mungu amfungulie yule mwanamke njia, na nikirudi namkuta ameegemeza kichwa mkononi akitazama mstari ule ule.

Binti yangu ndiye aliyetuletea chakula. Alikuwa mzito sasa, anatembea taratibu, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika hotipoti. Yeye na mtaalamu walizoeana siku ya kwanza tu.

"Haya dada, mashine yako inajifungua lini?"

"Shoga, mimi nimeshikwa na uchungu tangu Jumatatu. Mtoto katanguliza miguu."

"Basi tushindane. Atakayetangulia anapikiwa mtori wa ndizi kama mzazi."

"Mtori wa huku mnauweza? Nyie si watu wa ugali na mlenda!"

"Usitukane mlenda wa baba yangu. Kula kwanza, halafu urudi leba."

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Mimi nilijifanya napanga chupa. Sikuweza kucheka, na sikutaka waone kwamba siwezi. Baadaye binti yangu alinifuata nje, akaketi kwenye ngazi.

"Baba, wewe unaogopa kuliko mimi."

"Wewe huogopi?"

"Naogopa. Lakini nikikutazama wewe nazidi kuogopa, kwa hiyo natazama pembeni."

Nilimwambia kwamba uhai na umauti viko mikononi mwa Mungu. Aliniambia anajua, nilimfundisha mwenyewe, ila angependa Mungu apewe na damu kidogo ya kufanyia kazi. Nilimkanya asiseme hivyo. Akaniomba radhi, akainuka kwa kushika bega langu.

Siku moja mashine iliacha kukataa. Programu iligeuka yote, ikafunguka kwenye kioo kama tulivyoizoea, na maneno yale yale ya kijani. Mtaalamu alipiga kofi moja. Tuliandika kundi O hasi na kungoja. Ikajibu: hakuna.

Tukaandika makundi mengine. Hakuna. Tukafungua mtu mmoja mmoja. Majina yalikuwapo, ya watu niliowajua, lakini kundi la damu la kila mmoja lilisomeka halijulikani, na umri wao ulikuwa maelfu ya miaka. Mtu niliyekutana naye sokoni juma lile alikuwa, kwa mashine, amezaliwa kabla ya Nabii Nuhu.

Nilikaa chini. Nilifikiri kanda imeharibika. Lakini yeye alitazama namba zile kwa muda, akaanza kuandika kwenye karatasi, akakata, akaandika tena.

"Zipo, baba. Hazijapotea. Mashine ya zamani ilikuwa inaigawa kila namba vipande, inaanza na kipande kikubwa. Hii inaanza na kidogo. Kwa hiyo inasoma kila kitu kinyume."

"Kama mtu aliyefungua msahafu akaanza kusoma kutoka kushoto."

"Mimi Mlutheri, msahafu sijapata kuushika. Lakini ndivyo. Herufi ni zile zile, maana hakuna."

"Basi mwambie mwanao aanzie kulia."

"Namwambia. Ila inabidi nimwonyeshe ni namba zipi, moja moja, maana majina hayakupinduka, na nikipindua yote nitapindua na yaliyo sawa."

Alifanya hivyo, safu moja baada ya nyingine, akilinganisha na watu ambao mimi nilijua makundi yao kwa kumbukumbu. Na siku ilipokubali, ilikubali sawasawa. Umri wa kila mtu ukawa wa kibinadamu. Tukaandika tena O hasi, na printa ikatoa karatasi yenye watu watatu. Nilimshukuru Mungu papo hapo, nikasujudu kwenye sakafu ya saruji, na nilipoinuka mtaalamu alikuwa anajifuta macho akisingizia vumbi la karatasi.

Aliondoka kesho yake kwa basi la Dar. Binti yangu alimpa kuku hai, amefungwa miguu.

"Umenishinda," akamwambia. "Umejifungua kabla yangu."

"Wewe jifungue salama, mtori nitakuja kuupika mwenyewe."

Sasa nilikuwa na watu watatu, nami nikaenda kuwatafuta. Wa kwanza alikuwa mkulima wa Malolo. Nilimkuta mjane wake anapura mtama. Wa pili alikuwa mwalimu aliyekuwa akifundisha Mamboya, karibu na misheni ya zamani. Niliambiwa alipunguzwa, akajiunga na ndugu zake kufanya biashara mpakani, hakuna aliyejua mpaka upi. Akabaki wa tatu, mfugaji wa tambarare nyuma ya mashamba ya mkonge ya Kimamba. Kwenye karatasi kiliandikwa kijiji chake, na chini yake namba na jina la balozi.

Nilishuka Kimamba nikauliza nyumba ya balozi huyo. Walinionyesha fundi baiskeli karibu na reli, mzee mwenzangu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, gurudumu mapajani. Tulisalimiana. Nikamwambia namtafuta balozi.

"Balozi wa nchi gani?" akauliza, na vijana waliokuwa wakingoja baiskeli zao wakacheka.

"Nimeambiwa ni wewe."

"Nilikuwa. Chama kilipokuwa kimoja nilikuwa balozi. Viliporuhusiwa vingine nikahama. Unaona lile shimo pale mlangoni? Bendera walikuja kuing'oa wenyewe, na mlingoti wakauchukua. Mlingoti nilinunua mimi!"

"Nani ameshika nafasi yako?"

"Wamemweka mtu. Lakini huyo ni wa wanachama wake. Mimi jirani yake hanitambui, nami simtambui. Sasa ukitaka mtu unakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji."

Nilimwonyesha jina la mfugaji. Aliishika karatasi mbali na macho, kisha karibu.

"Huyu. Ndiyo, walikuwa wangu hawa, kwa karatasi. Ofisi ilitaka kila mtu awe chini ya balozi, wakawekwa chini yangu kwa kuwa nyumba yangu ndiyo ya mwisho kabla ya pori. Miaka yote hiyo sikuwahi kuonja hata maziwa yao."

"Wako wapi sasa?"

Alionyesha upande wa pori kwa bisibisi, akaizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. "Mzee mwenzangu, wale wanafuata majani. Yule akitaka kuhama aende kumwambia nani? Mimi?"

Mwenyekiti wa kitongoji alinisikiliza kwa heshima, akafungua orodha yake ya wakazi, akaniambia wafugaji hawamo, wao hawakujiandikisha kwake, na mpaka wa kitongoji chake unaishia kwenye mkonge. Nilimuuliza upande wa pili wa mkonge ni kitongoji cha nani. Akasema hilo bado linazungumzwa wilayani.

Nilirudi kwa fundi baiskeli kumuaga. Aliposikia damu inatafutwa kwa ajili ya nani, aliacha gurudumu. Akawafukuza wale vijana waliokuwa wanacheka, akaniambia wafugaji wote wanapita mnadani, siku ya mnada wa ng'ombe. Nitume neno huko. Alinisindikiza mwenyewe mpaka kwa dalali wa mifugo, na yule dalali akaahidi kumwambia kila mwenye fimbo atakayemwona kwamba hospitali ya njia ya Mikumi inamtafuta fulani mwana wa fulani, si kwa kesi, si kwa kodi, ni kwa damu. Nilisisitiza maneno hayo, si kwa kesi, kwa sababu mfugaji akisikia ofisi inamtafuta huhamia mbali zaidi.

Mnada ulikuwa bado. Nilirudi nyumbani nikangoja, nikasoma Yasini kila asubuhi, nikamwambia binti yangu tumempata. Nilisema tumempata kwa maana kwamba tumejua yupo. Aliniangalia usoni, hakuuliza zaidi.

Alishikwa na uchungu mapema kuliko daktari alivyotarajia, baada ya sala ya alasiri. Tulifika hospitali kwa miguu, akicheka na jirani aliyetukuta njiani kwamba mtori sasa utaliwa na nani. Mtoto alitoka salama, wa kike. Nilisikia akilia, nikasema alhamdulillahi. Baada ya hapo niliona wauguzi wanaingia na kutoka bila kunitazama. Daktari mkuu alitoka mara moja, akaniuliza kwa sauti ndogo kama mtu wangu amefika. Nilimwambia bado. Akarudi ndani. Alimpa maji ya mshipani, akambana kwa mikono yake mwenyewe, akafanya yote aliyofundishwa. Simlaumu. Damu ilikuwa inatoka na hapakuwa na nyingine ya kuingia.

Niliruhusiwa kuingia nikiwa bado nina wakati wa kumshika mkono. Ulikuwa baridi tayari. Alikuwa na kiu. Aliomba maji, akaomba watoto wasitenganishwe. Nilimsomea shahada, naye akaifuata, midomo ikitangulia sauti. Jua lilikuwa halijazama.

Tulimzika kesho yake. Watu walinipa pole, nami niliwajibu kama inavyopasa, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Nililisema kwa kuamini. Lakini nilipokuwa peke yangu sikupata lile tulizo ambalo nimewaahidi watu wengi kwenye misiba yao. Nililitafuta kwa subira, nikijua mahali panapotafutwa. Halikuja, na sehemu yake kubwa haijaja bado. Namshukuru Mungu kwa watoto wale wawili. Shukrani na huzuni zinakaa kwangu chumba kimoja bila kusemeshana.

Nilirudi kazini. Simu ya ofisini ikalia, na alikuwa yule mtaalamu, kutoka Dar.

"Shikamoo baba. Mashine inaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Mashine nzima."

"Haijasumbua hata kidogo?"

"Haijasumbua. Ulifanya kazi nzuri."

"Na shoga yangu?"

Nilimwambia. Nikasikia anavuta pumzi. Aliuliza kama mambo yangekuwa mengine laiti angemaliza mapema. Nilimwambia hapana, orodha tuliipata kwa wakati, alichokifanya kilikuwa sahihi, na asijitwishe jambo ambalo si lake. Hilo lilikuwa kweli. Lakini nadhani yeye alikuwa Mlutheri wa kweli, mwenye kujihukumu mwenyewe, na hakunisadiki.

Mfugaji alifika baada ya mnada. Nilikuwa maabara nikamwona amesimama uani, mtu mrefu, shuka la rangi ya damu ya mzee, ndala za tairi, vumbi mpaka magotini. Alikuwa anauliza watu jambo na watu wanamwonyesha kwangu. Aliingia, akaegemeza fimbo mlangoni. Shikamoo yake aliitoa sawasawa, ingawa umri wetu ulikaribiana.

"Mnadani wamesema mnatafuta damu yangu. Nimekuja nayo."

Akatoa kwenye shuka kadi yetu, ile ya karatasi, imefungwa kwenye nailoni. Ilikuwa safi kuliko mafaili ya ofisini. Alikuwa amehama nayo kila alikohama.

Nilimvutia kiti. Nilimwambia yule aliyekuwa anaihitaji tumeshamzika, nikamtajia na siku. Alinitazama, akauliza alikuwa nani.

"Binti yangu."

Aliinamisha kichwa, mikono magotini. Kisha akasema, "Siku ile tulikuwa Mkata na ng'ombe. Si mbali. Kwa gari si mbali kabisa."

"Najua."

"Kama mtu angekuja."

"Hatukujua uko Mkata."

Alikunja mkono wa shati alilovaa ndani ya shuka, akauweka mezani, ndani umegeuzwa juu, mshipa wake mnene unaonekana. "Basi chukueni hii, apewe mwingine."

Nilimweleza kwamba siku hiyo hakuna majeruhi, na friji halitunzi. Aliuangalia mkono wake kama mtu aliyeleta mbuzi sokoni akakuta soko limefungwa. Akaukunjua mkono wa shati polepole.

"Niandikeni upya basi," akasema. "Mjue niliko. Sasa tuko kando ya mto Mkondoa, juu kidogo. Mvua zikianza tutavuka."

Nikaifungua mashine. Ilimtoa mara moja, jina lake, kundi lake, umri wake wa kweli, kila kitu mahali pake, kama mtaalamu alivyokiweka. Nikaenda kwenye nafasi ya balozi, nikaifuta ile namba ya zamani. Mashine ikakataa. Nikajaribu kuandika Mkondoa. Ikakataa, ilitaka namba. Nikajaribu kuacha wazi. Ikakataa. Sheria ile tuliyoipanga na kijana wa Kizungu ilikuwa imehamishwa salama pamoja na vingine vyote.

Mfugaji alisogea nyuma yangu akatazama kioo. "Inasema nini?"

"Inauliza balozi wako ni nani."

"Sina."

"Najua. Haipokei mtu asiye naye."

Alifikiri. "Ukimwandika yule wa baiskeli?"

"Yule hajui uliko."

"Hajawahi kujua," akasema.

Nje mjukuu wangu mchanga alikuwa analia, amebebwa na bibi yake aliyekuja kumpima uzito. Mfugaji akageuka kusikiliza, akauliza kwa macho, nami nikaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza swali moja, wala si kwa kulalamika, kama mtu anayetaka tu kujua taratibu ili azifuate.

"Tukivuka mto, mzee, nije nimwambie nani?"

Niliandika tena namba ya yule balozi wa Kimamba, ile ile niliyoifuta, nikabonyeza. Mashine ikampokea.